Saa Isiyojua Kusema Sijambo

Mwanangu Ilham,

Barua zote nilizofunzwa kuandika nilipokuwa mtoto Unguja zilianza namna moja: baada ya salamu, mimi sijambo, wasiwasi ni juu yako. Hata mtu awe kitandani hajigeuzi, anayemwandikia barua yake ataanza na sijambo. Hii sitoianza hivyo, na ukifika mwisho utajua kwa nini. Usiruke mistari. Nnakujua, weye kitabu unaanza kukisoma nyuma.

Umekwenda Bawshar, hapahapa Maskati, kumuaga mamako mdogo Asya, na Asya hatokuachia mpaka ule, kisha ufungiwe na vya njiani. Kwa hiyo nna nafasi. Nimeshaswali Maghrib, nimekaa mezani jikoni, mabegi yako nayaona pale mlangoni. Habari za nguo na viungo sitozisema. Huko Malaysia unakokwenda kusoma viungo wanavyo kuliko sie, na mtu mwenye shahada ya ufamasia hafundishwi na mamake kumeza dawa ya kichwa. Mie nataka tuseme juu ya saa.

Kazi yangu unaijua. Miaka yote hii nimekaa meza ileile, ofisi ya wafanyakazi, kupitisha na kukataa risiti za akaunti ya afya. Kampuni inamtilia mtu kidogo kila mwezi, mwenyewe anakatwa kidogo, pesa zinakaa humo, na hazitoki ila kwa afya: daktari, dawa, meno, miwani. Mie ndo bawabu. Mzee mmoja wa upande wa magari aliwahi kuniletea risiti ya asali ya mlimani. Nikamwambia, ami, asali si dawa kwenye karatasi yetu. Akanitazama, akanambia, "Binti yangu, Mwenyezi Mungu kasema ndani yake mna shifaa, wewe na kampuni yako mnasema haina?" Nikamkatalia vilevile.

Na hizi saa za mkononi zinazosoma mapigo ya moyo, hizo nilizikataa kwa raha zangu. Vijana wakileta risiti, nawarudishia. Saa si dawa, nawaambia, nenda kaitoe mfukoni mwako. Mpaka ukaja waraka kutoka juu kwamba saa sasa ni ruhusa, madhali daktari kaandika kuwa mtu anahitaji kujitazama. Siku ile nikarudi nyumbani nakuhadithia huku nacheka, ati tumefika zama za kupeleka saa hospitali. Laiti ningenyamaza.

Hukucheka. Uliweka kijiko chini ukanambia, "Mama, Malaysia ntakwenda. Lakini kwa sharti."

"Sharti? Tangu lini mtoto anampa mamake sharti?"

"Uvae hiyo saa. Na moyo wako niuone kwenye simu yangu, popote nlipo."

"Nna saa mie. Baba yako alinipa."

"Hiyo inakwambia saa ngapi tu, mama."

Nikakwambia kuna simu, utanipigia asubuhi na jioni, utaniuliza hujambo, nami ntakujibu. Kisha ukasema, taratibu, bila ya kunitazama: "Wewe ukisema sijambo, mama, mie sijui maana yake."

Nilikasirika siku ile, hukumbuki? Nilivitoa vyombo mezani hali hujamaliza kula. Lakini sikukasirika kwa kuwa umenionea. Nilikasirika kwa kuwa ulikuwa na haki, na tulikuwa tumeshakaa mwaka na zaidi humu ndani bila ya mmoja wetu kulitaja jambo lile kwa jina.

Basi leo nalitaja mimi.

Baba yako alipolazwa wewe ulikuwa chuoni Sohar, mbali na hapa, kwenye mitihani ya mwisho. Ulipiga simu kila siku. Kila siku nilikwambia hajambo. Siku ulipotaka kusema naye nilikwambia kalala, na hakuwa kalala, alikuwa na bomba mdomoni. Yeye mwenyewe mwanzo alisema mwacheni mtoto amalize mitihani. Lakini yeye alisema mara moja, tena alipokuwa bado anaweza kukaa na kuomba chai. Yaliyofuata yote yalikuwa ya ulimi wangu. Alfajiri aliyofariki nilikupigia nikakwambia, "Njoo, baba yako anakuulizia." Ukatoka mbio kwenye gari la ndugu wa mwenzako wa chuo, njia nzima ya Sohar, kumuwahi mtu anayekuulizia. Ukafika ukakuta viatu vya watu mlangoni na jeneza limeshatoka.

Hukupiga kelele. Ulinambia neno moja tu, "Uliniambia ananiulizia," kisha ukaenda kukaa chumbani kwake. Mwanangu, neno lile nnalisikia mpaka leo, nikiwa nakosha sahani, nikiwa njiani, popote.

Na la kutia uchungu ni kuwa mie mwenyewe nilishafanyiwa. Wewe ulikuwa mdogo, umeota meno ya mbele tu. Mama yangu alikuwa mgonjwa Unguja, na kaka yangu, mjomba wako, kila nikipiga simu: "Mama hajambo, anakusalimu." Kisha siku moja akanambia, "Njoo basi, mama kachoka kidogo." Nilipita dukani nikamnunulia mashine ya kupimia presha, ile ya kufunga mkononi, nikaibeba kwenye mapaja ndege nzima isije ikavunjika. Nilipoingia uani nikawaona wanawake wamejifunika, nikajua. Alikuwa kaburini siku ya tatu. Nikamkamata kaka yangu kanzu, nikamwambia kwa nini? Akanijibu, "Ungefanya nini kule peke yako, Zuwena? Tulikuonea huruma." Nilimwapia mbele ya watu kwamba mie simfanyii hivyo mtu wangu maisha yangu yote. Ile mashine iko juu ya kabati langu, kwenye boksi lake. Ulishawahi kuniuliza ya nani nikakwambia ya mtu.

Ndo sie. Hatusemi uongo, hasha, tunaoneana huruma. Tumeoneana huruma mpaka hakuna anayemjua mwenzake.

Kwa hiyo saa nikaivaa. Daktari wa zahanati aliandika karatasi bila ya taabu, mwanamke wa umri wangu mwenye sukari ya mpakani nani atamkatalia. Risiti yangu nikaipitisha meza ya mwenzangu Maryam, maana mtu hapitishi yake mwenyewe, na Maryam akanicheka mpaka machozi: "Bi Zuwena, si saa si dawa?" Wewe ndiye uliyekaa na simu zote mbili, ukaunganisha hiki na kile, na ukaitia na akaunti yangu ya afya kwenye simu yako, ati usije ukasahau neno la siri mama. Kila senti ikitoka, unaletewa ujumbe. Nikasema sawa. Nilidhani nnavaa saa. Sikujua kwamba nnaingia ndani yake na mlango unafungwa.

Hujui ilivyo, na sikulaumu, kwani hujavaa. Nikiamka usiku kwenda kuswali, asubuhi kwenye chai unanambia, "Mama, mbona hukulala?" Nikipandisha na gari ile barabara ya mlima kutoka hapa kwetu Amerat kwenda kazini, na lori liko mbele yangu linarudi nyuma kidogo, sijafika hata juu simu inalia, moyo wako vipi. Kazini nako wametundika kioo kikubwa cha televisheni mlangoni, kinaonesha majina ya waliovaa saa, nani katembea na nani kakaa. Mkuu wangu akipita ananambia, "Bi Zuwena, leo uko chini." Nikaanza kuzunguka maegesho ya magari na abaya yangu saa ya chakula, jua la Maskati linavyojua kupiga, ili jina langu lipande. Jamani! Mtu mzima mie, nshazaa, nshazika, nnashindana na vijana kuzunguka magari.

Na siku ile ya Ijumaa. Nilikwambia nnakwenda sokoni. Nilikwenda makaburini, kwa baba yako. Sikuingia, nilisimama nje kwenye gari, nikafungua dirisha nikamsomea, na katikati ya kusoma kilio kikanipata cha ghafla, kile kisichoomba ruhusa. Simu ikalia. "Mama, uko wapi? Moyo unakwenda mbio."

"Nnapanda ngazi."

"Ngazi gani, mama?"

Nyumba yetu haina ngazi. Soko la Amerat halina ngazi. Nikakwambia ngazi za mtu. Ukasema haya, na sote wawili tukajua. Nilikata simu nikaitazama ile saa kwenye mkono wangu, nikasema wallahi hata kumlilia mume wangu sina tena pahala. Nilitamani kuivua niitupe dirishani. Lakini nikiivua utabaki. Utasema mama kavua, siendi. Umeshaiacha nafasi ile ya Malaysia mara mbili, mara ya kwanza kwa eda yangu, mara ya pili kwa khofu yako, na chuo kimekwambia hakuna ya tatu. Basi nikapandisha dirisha nikarudi nayo mkononi.

Sasa fika hapa polepole, Ilham. Kaa kama umesimama.

Baada ya Idi, nipo mezani kwangu na risiti ya mtu ya miwani, moyo ukafanya kitu. Kama samaki kwenye ndoo: ukatulia, ukarukaruka, ukatulia. Saa ikatetemeka mkononi ikaandika kwamba mapigo hayaendi sawa, muone daktari. Unajua kitu cha kwanza nilichofanya? Sikumtaja Mungu, Mungu anisamehe. Nilimgeukia Maryam nikamwambia, "Hili onyo linakwenda na kwa mtoto?" Akatazama, akasema bado, lakini yatakayofuata yatakwenda. Nikamwambia yazime. Akanitazama. "Bi Zuwena, una hakika?" Nikamwambia zima, atavunja safari. Tangu siku ile ukiniuliza mbona saa kimya, nnakwambia iko kwenye chaji. Ukanambia saa yako inakula umeme kuliko friji, nami nikacheka.

Nikaenda kwa daktari. Na hapo ndo nikaona jela niliyojijengea. Nna akaunti ya afya mie, miaka chungu nzima nimekatwa, na sasa naumwa kweli, na siwezi kuigusa. Nikilipa daktari humo, wewe unaletewa ujumbe. Nikilipa vipimo, ujumbe. Nikilipa dawa, ujumbe wenye jina la dawa, na wewe mfamasia, utajua kabla sijafika garini. Pesa za afya zimenunua saa, na kwa ajili ya saa hazinunui afya. Nimekuwa nalipa mkononi, kutoka zile za kutengeneza paa. Ukiona paa bado linavuja, ndo hivyo.

Ngoja nikwambie ninacho, kwa jina lake, kama anavyoambiwa mtu mzima. Moyo wangu unapoteza mpigo. Nnakunywa dawa ya kuifanya damu yangu nyepesi isigande, iko kwenye kopo la hiliki, jikoni. Ndo maana sikuachii kupika chai wiki hizi. Mwezi ujao wataniingizia uzi mwembamba kwa mshipa wa pajani mpaka moyoni, wapachome pale panapokosea. Daktari kasema watu wanalala usiku mmoja wanarudi kwao. Kasema si jambo kubwa. Mimi nimemuamini nusu. Nusu nyingine nnaogopa, mwanangu. Nnaogopa sana, khasa nikizima taa.

Asya anajua, nilimwambia juzi. Akashika kichwa. "Usimwambie, da' Zuwena! Mwache apande ndege. Ukishatoka hospitali mzima, ndo utamwambia, mtacheka." Maneno mazuri. Ningepewa senti kwa kila mtu wetu aliyewahi kusema maneno hayo, ningekuwa tajiri. Kaka yangu aliyasema. Mimi niliyasema juu ya baba yako. Na mie mpaka jana usiku nilishakubali kuyasema tena. Nilikuwa nimekwishajipanga: nikiwa hospitali, saa ntampa Asya aivae, uone moyo wa mtu mzima unatembea zake Bawshar. Tulishakubaliana! Wanawake wawili wazima, tunapanga kukudanganya kwa moyo wa Asya.

Kisha asubuhi hii nikakusikia chumbani unafunga begi huku unaimba kwa puani, kama ulivyokuwa ukifanya kabla ya ile safari ya Sohar. Sijakusikia ukiimba tangu siku ile. Nikasimama mlangoni na nguo zako mkononi. Nikasema, huyu mtoto akinikuta nimekufa na Asya kavaa saa yangu, hatoimba tena maisha yake.

Nikikwambia, utabaki, na nafasi imekwenda, na utazeeka hapa Amerat ukinisikiliza moyo. Nisipokwambia, nitakuwa nimekuita tena kwa mtu anayekuulizia. Nimezunguka na mambo haya mawili siku nyingi, na sikuuona mlango wa tatu. Haupo.

Kwa hiyo nilipofika kazini nikafanya jambo. Nnajijua, mie barua hii ningeweza kuiandika nikaichana, nikakupakilia vitumbua, basi. Nikampigia mtu wa hesabu wa hospitali nikalipa hesabu yote ya mwezi ujao kutoka akaunti ya afya. Yote, na jina la tiba limeandikwa. Mimi ndiye bawabu wa akaunti zile, nnajua zinavyokwenda: dawa hukatwa papo hapo, lakini hesabu kubwa ya hospitali hungoja kupitishwa, kwa hiyo ujumbe utakufikia kesho asubuhi, ofisi zikifunguliwa, na wewe uko njiani kwenda uwanja wa ndege. Nimejifungia njia ya kurudi nyuma mwenyewe. Nilitaka tu uisikie kwangu kabla ya simu. Na Maryam nimemwambia ayawashe yale maonyo. Kawasha. Kaniuliza tena kama nna hakika, nikamwambia washa kabla sijageuka.

Sasa sikiliza ninalokutaka, na ni moja. Nenda.

Najua mkono wako hivi sasa uko kwenye simu kutafuta namba ya chuo. Weka chini. Ukibaki, Ilham, utakuwa umenionesha kwamba kaka yangu alikuwa na haki, na Asya ana haki, kwamba kweli haiambiki kwetu, mtu akiambiwa anaharibikiwa. Na mie sitokwambia tena jambo, wallahi, ntarudi kwenye sijambo yangu mpaka nife. Lakini ukienda hali unajua, basi nami nitaweza kukwambia. Nitakwambia tarehe, nitakwambia nimelala vibaya, nitakwambia daktari kasema nini na mie nimefahamu nini. Ikifika pa kukuita, nitakwita kwa jambo lenyewe. Sitosema nnakuulizia. Nitasema njoo, hali mbaya, panda ndege. Nawe uniahidi hivyo hivyo kutoka huko. Ukilia usiku wa kwanza, na utalia, usiniambie umeshiba na chumba kizuri. Niambie umelia.

Asya atanipeleka hospitali na atanirudisha. Saa nitaivaa, kwa kuwa wewe unaitaka, si kwa kuwa naipenda. Ijumaa ukiona moyo unakwenda mbio usinipigie. Nipo kwa baba yako, niache dakika zangu. Kioo cha kazini wafute jina langu, nshawaambia, nimechoka kuzunguka magari.

Ile mashine ya bibi yako nimeitia kwenye begi lako, begi dogo, katikati ya mataulo. Leo ndo mara ya kwanza nimelifungua lile boksi. Sijui kama inafanya kazi baada ya miaka yote hii, wewe utajua. Sikutaka ikae tena juu ya kabati langu.

Nasikia gari. Asya kakubebesha sufuria, namjua, ndo maana hushuki upesi. Barua hii nitaitia chini ya mto wako, na mie nitajifanya nimelala, na wewe utajua kwamba sijalala kwa kuwa utatazama simu yako. Njoo basi. Lia unavyotaka. Nitakupisha kitandani.

Na kesho asubuhi utaniuliza kama unavyoniuliza kila siku, "Mama, hujambo?" Nitakujibu: mwanangu, naumwa, nnaogopa, na nataka uende. Kisha utashika mabegi yako, maana mie kubeba vizito nimekatazwa. Kuendesha sikukatazwa, nilimuuliza daktari hilo kabla ya mengine yote. Mpaka uwanja wa ndege nakupeleka mimi.

Mamako,
Zuwena